Mimba ya Miezi Kumi na Saba

Mtoto alipiga teke la kwanza siku ya Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mama yake akiwa anashona ukingo wa godoro la futi tano kwa sita. Lilikuwa teke la upande wa kushoto. Mama akasimamisha mashine, akageukia kushoto, na papo hapo akaona robota la sponji likiteleza kutoka juu ya rundo. Akalidaka kwa mikono miwili kabla halijamwangukia mwenzake wa mashine ya pili, akalirudisha mahali pake, akaendelea kushona. Mwenzake alimshukuru bila kuinua macho, kwa sababu alikuwa kwenye kona ya godoro, na kona ya godoro haitaki mchezo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, lakini hata mlinzi wa getini alimwita Komeo. Jina hilo alilipata kwenye mpira wa wavu. Alikuwa mzuiaji wa kati wa timu ya kiwanda, na katika miaka yake mizuri mshambuliaji aliyefika wavuni alikuta pamefungwa kwa ndani. Asubuhi wachezaji walishona magodoro na kuyavika mifuko ya nailoni. Saa nane mchana walivaa raba na kwenda kwenye ukumbi uliokuwa nyuma ya ghala la vitambaa. Kazi na mchezo vilikuwa ndani ya mkataba mmoja. Kiwanda kilipata magodoro na vikombe, na kila mtu alisema huo ni mpango mzuri.

Msimu huo, hata hivyo, Komeo alikuwa amekalia kuti kavu. Miguu yake haikuwa na kasoro. Mzuiaji wa kati husimama katikati ya wavu, viganja vimeinuliwa usawa wa mabega, akisubiri kujua mpira unaelekea wapi, na akishajua ana hatua tatu tu za kumfikisha pembeni. Ya kwanza ni fupi, ya kufungua nyonga. Ya pili ni ndefu, mguu mmoja ukikatisha mbele ya mwenzake. Ya tatu ni ya kufunga breki na kuugeuza mwili ukabili wavu. Kisha anapanda, anapenyeza mikono ng'ambo ya wavu, vidole vimetanuka, mabega yamegusa masikio. Hatua hizo Komeo alizifanya kwa usafi kiasi kwamba kocha alizichora kwa chaki sakafuni ili wengine wazifuate. Shida ilikuwa kwenye macho.

"Miguu yako inajua njia," kocha alimwambia. "Macho yako ndiyo yanachelewa kuiambia."

Kocha alikuwa mtu mpole, na filimbi yake hakuivua hata akienda harusini. Hakupenda kumwacha mtu. Lakini timu ya kiwanda cha saruji ilikuwa na seta aliyeitwa Kimya. Seta ni yule anayegusa mpira wa pili na kuamua ni mshambuliaji gani ataupiga, na kazi yote ya mzuiaji ni kumsoma mtu huyo kabla hajaamua. Kimya hakusomeka. Mabega yake hayakusema kitu, na viwiko vyake vilikuwa hivyo hivyo. Walipokutana mara ya mwisho, Komeo alikwenda kushoto mara kumi na moja na mpira ukapita kulia mara kumi na moja. Kwenye benchi alikuwepo binti wa miaka kumi na tisa, aliyemzidi Komeo urefu wa kiganja kizima, na binti huyo alikuwa ameanza kufunga kamba za raba zake mapema kuliko inavyohitajika.

Mchana wa Jumatatu ile ile, mazoezini, nahodha alisimama ng'ambo kuwapandishia washambuliaji mpira. Nahodha ndiye aliyekuwa seta wa timu yao, na rafiki mkubwa wa Komeo. Komeo alikaa katikati akitazama kama walivyofundishwa wote: mpira, seta, mpira, mshambuliaji. Mpira ukiwa bado hewani, haujagusa vidole vya nahodha, mtoto akapiga teke la kulia. Komeo akaenda kulia. Mpira ukaja kulia, ukakuta mikono inaungoja, ukaanguka kwenye miguu ya aliyeupiga. Mara ya pili teke lilikuwa la kushoto. Mara ya tatu mtoto alipiga katikati, chini kidogo ya kitovu, na Komeo akaruka pale pale aliposimama. Hakuwa na haja ya kutafsiri chochote, kwani kulia kwa mtoto kulikuwa kulia kwa mama. Walikuwa wanatazama upande mmoja.

Kocha alipuliza filimbi, akamuuliza amekula nini. Komeo akasema amekula kama siku zote.

Nyumbani alimweleza mumewe na mama mkwe wake walipokuwa mezani. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kusikiliza kwanza na kufungua skrubu baadaye. Alifurahi. Mama mkwe naye alifurahi, ila akauliza kuhusu kile kikaratasi cha ukutani.

Kikaratasi chenyewe kilikuwa kimebandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya ratiba ya mazoezi na maelekezo ya kutumia mtungi wa kuzimia moto. Kilikuwa na kanuni kumi na nne. Kanuni ya Kumi na Nne ilisema: "Mchezaji atakayejifungua atahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari yake." Katika miaka kumi wachezaji wanane walikuwa wamejiuzulu kwa hiari yao namna hiyo. Kila mmoja alipigiwa makofi na kupelekewa nyumbani godoro la futi nne kwa sita. Mmoja wao, aliyekuwa mpokeaji bora wa ligi nzima, alipelekewa la tano kwa sita.

Fundi aliomba mkataba wa mkewe. Aliusoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, kama alivyosoma vitabu vya maelekezo ya majokofu ya kigeni. Alipofika kwenye Kanuni ya Kumi na Nne aliisoma mara mbili.

"Wamesema atakayejifungua," alisema. "Hawakusema atakayeshika mimba. Maana yake mpaka ujifungue, wewe ni mchezaji."

Tumbo la Komeo likajongea chini ya gauni, kama mtu anayejiweka sawa kitini ili asikie vizuri. Mama mkwe aliliona hilo, akaongeza mchuzi kwenye sahani ya mkamwana wake.

Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki, na mimba ndiyo dada yao mkubwa. Kufikia mwezi wa tano timu nzima ilijua. Kufikia mwezi wa sita walijua hata watu wa ghalani. Katibu wa klabu aliisoma kanuni kama fundi alivyoisoma, akakubali kwamba haijavunjwa. Daktari wa timu alimpima Komeo, akampima tena, akaandika kwamba presha ni nzuri, mapigo ni mazuri, na kwamba mgonjwa haonekani. Binti wa miaka kumi na tisa akaanza tena kufunga kamba za raba kwa wakati wake.

Kilichobaki kuwatia watu wasiwasi ni wavu. Mchezaji akigusa wavu wakati wa kuzuia ni kosa, na pointi inakwenda kwa wapinzani. Mzuiaji mzuri husimama karibu nao kiasi cha kusikia harufu ya kamba, na tumbo la miezi sita halina adabu hiyo. Siku ya mchezo na timu ya saruji, Komeo alisimama katikati akifikiri ajisogeze nyuma kiasi gani. Refa alipopuliza filimbi ya kuanza, mtoto akalimaliza jambo hilo mwenyewe: alizunguka kwa upande wa ubavu wa kulia na kuhamia mgongoni. Mbele Komeo akabaki bapa kama alivyokuwa msichana, na nyuma, chini ya namba tisa ya jezi, mimba ikakaa vizuri, kama mtoto aliyebebwa.

Nahodha wa saruji alilalamika. Refa akashuka kwenye ngazi yake, akafungua kitabu cha sheria, akatafuta kwa dakika nne. Kitabu kilizungumzia urefu wa antena, uzito wa mpira, rangi ya soksi. Kuhusu mimba ya mgongoni hakikuwa na neno. Akapanda tena juu na mchezo ukaanza.

Siku hiyo Komeo alizuia mipira kumi na minne. Kimya alijaribu kila alichokuwa nacho. Alipandisha huku amegeuza uso, akapandisha kwa mkono mmoja, akapandisha kinyumenyume bila kuangalia, na kila mara, kabla vidole vyake havijagusa ngozi ya mpira, teke lilikuwa limeshapigwa na hatua ya kwanza imeshafungua nyonga. Ukumbi ulikuwa unacheka kwa raha. Mchezo ulipokwisha Kimya alipita chini ya wavu kutoa mkono, akauliza kwa sauti yake ndogo ni nani anayemwambia.

"Mtoto," Komeo akasema.

"Basi sawa," Kimya akasema. Alimshika Komeo bega, akaupapasa mgongo wake kidogo kwa heshima, akaenda zake kuoga.

Ndivyo walivyopanda kutoka nafasi ya tano hadi ya pili. Mechi ikiisha mtoto alirudi mbele, na mama yake akaweza kulala chali. Mechi ikianza alihama. Komeo alizoea, na watazamaji walizoea zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja wa jukwaa la juu ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza, "Amehama!" ili wauza karanga nao wajue mchezo umeanza.

Mwezi wa tisa ulipofika, Komeo alifunga begi la kliniki: nepi, vitambaa, sweta mbili ndogo alizofuma mama mkwe. Begi likakaa mlangoni wiki tatu. Mumewe akaacha kukubali kazi za mbali. Mwezi wa kumi ulipoingia wakaenda wote watatu kwa mkunga.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya moto, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa ule na aliyewasalimu wote kwa kuwauliza habari za kitovu. Aliweka kipembe chake cha mbao cha kusikilizia mapigo juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akahamisha kipembe kutoka upande mmoja hadi mwingine, akakirudisha.

"Moja, mbili, tatu," alisema. "Kisha anatulia. Kisha moja, mbili, tatu kwenda huku. Huyu hana mpango wa kutoka, mama. Huyu anafanya mazoezi."

Aliandika kwenye kadi: mtoto mzima, hatua nzuri, warudi baada ya mwezi.

Njiani kurudi, fundi alisema wahenga hawakukosea, ngoja ngoja huumiza matumbo. Komeo alicheka mpaka akasimama kushikilia ukuta wa duka la vioo. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anafikiri. Walipofika nyumbani aliketi, akachukua sweta moja, akaanza kuifumua ili aifume upya kwa ukubwa zaidi, na ndipo akasema alichokuwa anafikiri. Mtoto alisikia mkataba uliposomwa. Alisikia kwamba mama yake ni mchezaji mpaka siku ya kujifungua. Basi anamlindia mama yake nafasi. Atakaa humo mpaka kanuni ibadilike.

Hakuna aliyebisha, kwa kuwa lilikuwa jambo la akili. Swali likawa nani aende kwa kamati.

Walikwenda Komeo na nahodha, siku ya Jumatano baada ya kazi, mimba ikiwa ya miezi kumi na moja. Kamati ilikuwa ya wanaume saba, na ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye magodoro ya maonyesho yaliyosimamishwa ukutani, kwa hiyo sauti za humo ndani zilikuwa laini daima. Mwenyekiti aliwakaribisha kwa bashasha. Aliwapa maji. Nahodha alieleza kwa ufupi: mtoto anasubiri Kanuni ya Kumi na Nne iondolewe, ikiondolewa atatoka, mama atapumzika kidogo, kisha atarudi kucheza.

Mwenyekiti alisikiliza kwa makini sana. Aliuliza kama mtoto anaweza kuendelea kusubiri mpaka mchezo wa ugenini wa mwezi ujao. Nahodha akasema anaweza, ila si hilo waliloleta. Mwenyekiti akasema anaelewa, na kwamba kanuni ile haikuandikwa kwa nia mbaya. Iliandikwa kwa faida ya akina mama wenyewe, ili wasihangaike. Mjumbe mmoja akaongeza kwamba yeye binafsi ana mama. Wakajadiliana nusu saa, na mwishoni wakaafikiana kwa kauli moja juu ya mambo matatu. Komeo apewe kiti cha mbele ndani ya basi. Jezi yake ibadilishwe, na badala ya namba tisa ishonwe tisa na nusu. Na kamati ndogo iundwe kuitazama Kanuni ya Kumi na Nne msimu ukiisha.

"Umeona?" nahodha alimwambia Komeo wakiwa kwenye ngazi. "Tumewaomba mlango, wametupa kiti."

Lakini jezi ilipendeza, hilo lazima lisemwe. Fundi aliipigia pasi mwenyewe.

Fainali ilikuwa na timu ya saruji, katika mwezi wa kumi na tatu. Walikwenda seti mbili kwa mbili. Katika seti ya tano, ambayo huishia pointi kumi na tano, walikuwa kumi na nne kwa kumi na tatu, kiwanda cha magodoro mbele. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wamekaa kwenye madirisha. Kimya alisubiri mpira wa pili, mabega yake kimya kama kawaida. Komeo alikaa katikati, viganja juu, akangoja teke.

Teke halikuja.

Alisikiliza mgongoni na hakusikia ila pumzi nzito, ya taratibu, ya mtu aliyechoka. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa amecheza seti nne na nusu, na mtoto ni mtoto.

Komeo hakuwa na wa kumuuliza. Akatazama mpira. Akamtazama Kimya. Akautazama mpira tena, na katika muda ule mdogo, ambao kwa mtu wa kawaida hautoshi hata kupepesa, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote: kidole gumba cha kushoto cha Kimya kilikuwa kimetangulia wenzake kwa upana wa ukucha. Miezi tisa ya kuambiwa jibu ilikuwa imeyafundisha macho yake swali. Nyonga ikafunguka, mguu ukakatisha, breki ikashika. Akaruka kando ya nguzo ya kulia akiwa peke yake, akapenyeza mikono ng'ambo mpaka viwiko, na mpira ukamgonga viganjani ukashuka wima upande wa saruji, kama ndoo iliyokatika kamba.

Mtoto aliamshwa na makofi. Alipiga mateke mawili ya kuuliza kuna nini, na mama yake akaupapasa mgongo kumwambia kwamba imekwisha, wameshinda.

Kwenye sherehe mwenyekiti alitoa hotuba. Alimshukuru kocha, akawashukuru washonaji, akamshukuru kwa namna ya pekee "kijana wetu wa tisa na nusu, ambaye amejitolea muda wake." Hapo watu waliacha kutafuna, kwa sababu wote walijua kinachosubiriwa. Tumbo la Komeo lilitulia tuli. Mwenyekiti akasema kuhusu lile jambo, kamati ndogo itakutana karibuni, akainua kikombe. Mtoto akageuka, akaelekea ndani zaidi.

Kamati ndogo ilikutana mwezi wa kumi na nne, ikakosa akidi. Ilikutana tena wa kumi na tano, ikajadili rangi ya jezi mpya. Wa kumi na sita mjumbe mmoja alisafiri. Komeo alikuwa anashona magodoro akiwa amekaa mbali na mashine yake, mikono imenyooshwa kama anayepika kwenye moto mkali. Mumewe alimfunga kamba za raba kila mchana, amepiga goti mbele ya geti la kiwanda, na mlinzi alimshikia begi la spana. Mama mkwe alikuwa amezifumua na kuzifuma zile sweta mara nne. Siku moja alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akamwita Komeo amtungie, akasema bila manung'uniko, kama mtu anayesoma saa ya ukutani, kwamba macho yake hayangojei kamati.

Neno hilo Komeo alilala nalo na kuamka nalo. Alipenda kucheza. Hakuwahi kupenda kitu kama ile nusu sekunde ya juu, mikono iko ng'ambo, dunia nzima imesimama upande wa pili inauliza ipite wapi. Akiwa na miaka thelathini na moja alijua kwamba akitoka hatarudi. Lakini pia alikuwa amebeba mtu kwa mwaka mmoja na nusu kasoro mwezi, wamecheza mechi ishirini na mbili pamoja, na hakuwa anajua hata ana pua ya nani.

Alhamisi, baada ya mazoezi, alibaki peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono yote miwili tumboni.

"Mwanangu," alisema, "wewe umenifanyia kazi ya mtu mzima, na nakushukuru. Kanuni haitabadilika leo wala kesho. Ukiendelea kungoja tutazeeka wote, wewe humo, mimi huku. Nafasi yangu niachie mimi. Kupoteza nitapoteza, lakini nataka kukuona. Toka."

Mtoto akazunguka mara moja polepole, kama anayeaga chumba. Kisha akashuka.

Alizaliwa kesho yake saa tatu asubuhi. Alitanguliza miguu, jambo ambalo mkunga alikuwa amelitarajia na kuliandalia shuka la ziada. Alikuwa msichana wa kilo saba na nusu, mwenye meno sita na nywele za kusukika. Mkunga alimfuta, akamsimamisha juu ya meza ya kupimia huku amemshika kidole. Mtoto alitazama dari, akamtazama mkunga, akatazama dari tena, kisha akaenda upande wa kushoto: fupi, ndefu, breki. Mkunga aliandika kwenye kadi: wa kike, hali nzuri. Mama mkwe aliletewa, akamsogeza karibu kabisa na uso wake, akamkagua kipande kipande.

"Pua ni ya babu yake," alisema, akaridhika. Sweta ikamkaa sawasawa.

Jumatatu gari la kiwanda lilifika mtaani na godoro la futi sita kwa sita, kubwa kuliko yote yaliyowahi kutolewa, na barua mbili. Ya kwanza ilimshukuru Komeo kwa uamuzi wake wa kujiuzulu kwa hiari. Ya pili ilimwalika binti yake kusajiliwa katika timu ya vijana, kwa kuwa uongozi umeridhika na kiwango chake na hakuna kanuni inayomzuia. Timu nzima ilikuja na lile gari. Walilipitisha godoro mlangoni kwa shida na vicheko, wakalitupa sebuleni, wakakaa wote kumi na mbili juu yake, wakapokezana mtoto. Kocha alikuja na daftari, akaomba ruhusa amwone akitembea. Alipomwona alivua filimbi, kwa mara ya kwanza, akamvisha mtoto.

Fundi aliisoma barua ya kwanza, kidole chini ya mstari, akitafuta neno la kuwaokoa kama alivyolipata mara ile. Safari hii hakuliona. Akaikunja akaiweka pamoja na vitabu vya majokofu, na wiki iliyofuata akasogeza meza yake ya kazi ukutani ili cherehani ya mkewe ipate nafasi karibu na dirisha. Komeo akaanza kushona mito ya viti. Jumamosi mchana alikwenda kwenye uwanja wa nyuma ya tangi la maji, ambako wale wanane waliojiuzulu kabla yake walikuwa wamefunga wavu kati ya nguzo mbili za simu, na watoto wao wamekaa kwenye mkeka pembeni. Walikuwa hawajawahi kupata mzuiaji wa kati. Mpokeaji bora wa ligi nzima, ambaye sasa alikuwa na watoto wanne, alimrushia mpira kabla hajamaliza kusalimu.

Mkutano mkuu wa klabu ulifanyika miezi miwili baadaye. Nahodha ndiye aliyeleta habari zake, Jumamosi, akiwa bado na begi la mazoezi begani. Komeo alikuwa amekaa kwenye ubao chini ya kivuli cha tangi, anafunga kamba za raba, na binti yake amesimama mbele yake akizisimamia zifungwe sawasawa.

Nahodha alisema kikaratasi kimebadilishwa. Kipya ni kikubwa, kimewekewa kioo. Kanuni ya Kumi na Nne iko pale pale kama ilivyokuwa, ila imeongezwa ya Kumi na Tano, na mwenyekiti aliisoma kwa sauti akapigiwa makofi: "Mchezaji mjamzito anashauriwa, kwa faida ya timu, kutojifungua kabla msimu haujaisha."

Wanawake wa uwanjani walisogea kusikiliza. Mpokeaji akaomba irudiwe, ikarudiwa, na wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine, mpaka wavu ukaachwa bila mtu. Nahodha naye alicheka. Kisha akaketi kwenye ubao, akaliweka begi chini kwa uangalifu, akashika tumbo lake lililokuwa bado dogo. Ana miezi minne, alisema. Msimu unaanza Jumamosi ijayo. Wake hapigi mateke hata kidogo. Anagusa tu, kwa ncha za vidole, laini kabisa, halafu anaachia.

"Seta," Komeo akasema, akajisogeza pembeni ili mwenzake akae vizuri.